Dawa za kiungulia kwenye rafu za Mwanza, na kidonge cha maumivu kinachokubaliana nazo

Ukiingia duka la dawa lolote kati ya Mlango Mmoja na Buhongwa ukasema tumbo linawaka na mgongo unauma, usishangae kutoka na bahasha mbili: moja ya vidonge vya magnesiamu, nyingine ya diklofenaki. Jozi hiyo imezoeleka kiasi kwamba wateja wengine huiagiza kwa pamoja kama mtu anayeagiza chai na chapati. Katika tathmini hii ndiyo jozi tuliyoiweka mkiani. Sababu yake tunaitanguliza kabla ya kugusa dawa moja moja, maana bila hiyo alama nyingine zote hazitaeleweka.

Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, piroksikamu na meloksikamu ni ukoo mmoja. Zinatuliza maumivu kwa kuuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Prostaglandini hizohizo ndizo mlinzi wa tumbo: zinalifanya litoe ute mzito unaofunika ukuta wake, na zinahakikisha damu ya kutosha inafika hapo ili ukuta ujikarabati. Zikizimwa, asidi inakutana na ukuta usio na nguo. Na kuzimwa huko kunapita pia kwenye damu, si pale tu kidonge kinapogusa tumbo. Ndiyo maana sindano ya diklofenaki, ambayo wengi huiomba kwa hoja kwamba haipiti tumboni, nayo huleta vidonda. Kula ugali kwanza kunapunguza kichefuchefu na ukali wa kidonge, lakini hakurudishi ute uliopotea.

Sasa weka magnesiamu juu yake. Inapoza asidi iliyomo tumboni kwa muda ule, basi. Haizuii asidi mpya isimwagike, haimrudishi yule mlinzi. Mchomo unatulia, mtu anaona tumbo limeikubali dawa, anajiongezea siku tano nyingine za diklofenaki. Vidonda vinavyoletwa na ukoo huu vina tabia mbaya ya kukaa kimya hadi siku vinapotoa damu. Ukivinyamazisha zaidi, hata ile kengele ndogo iliyokuwapo umeiondoa.

Kwa hiyo mbele ya kaunta anza na kidonge cha maumivu, dawa ya tumbo ifuate baadaye.

Chaguo letu la kwanza kwa mwenye kiungulia au historia ya vidonda ni parasetamoli, iwe Panadol au ya jina lolote jingine yenye miligramu 500. Haigusi ute wa tumbo kwa namna ya wale wengine, na inakaa vizuri na dawa zote za kiungulia tulizozipitia hapa, bila kuhitaji kuachanishwa kwa saa. Mtu mzima anameza kidonge 1 au 2, anasubiri saa 4 hadi 6 kabla ya kurudia, na hazidishi vidonge 8 ndani ya saa 24. Mtu mwembamba apigiwe hesabu kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, kwa hiyo mwenye kilo 40 anahitaji takriban miligramu 600 kwa mara moja, na kidonge kimoja kinamtosha. Anayekunywa pombe kila siku, au mwenye ugonjwa wa ini, asifike kwenye vidonge 8 kabisa. Huyo apangiwe kiwango na mtaalamu. Parasetamoli iliyozidi huua ini, na siku ya kwanza mtu anaweza kujiona mzima.

Panadol Extra ni parasetamoli ileile miligramu 500 pamoja na kafeini miligramu 65. Kafeini huongeza nguvu kidogo kwa maumivu ya kichwa, lakini huchochea asidi. Kama kiungulia ndicho kilichokuleta dukani, chukua ya kawaida.

Mtego mkubwa uko kwenye vidonge vya mchanganyiko. Diclopar ni diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Anayeimeza kisha akaongeza Panadol mbili kwa sababu "ile ni ya mgongo na hii ni ya kichwa" amemeza parasetamoli mara mbili, na diklofenaki haijaenda popote. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli. Kuna pia vidonge vya kichwa vinavyouzwa hadi kwenye vibanda vya vocha, vyenye aspirini, parasetamoli na kafeini kwa pamoja. Mnunuzi anavijua kwa rangi ya pakiti, hajui kwamba ndani mna aspirini. Geuza pakiti usome maandishi madogo. Maneno "acetylsalicylic acid" maana yake ni aspirini, na kwa mwenye vidonda vya tumbo hilo linatosha kukirudisha kidonge kwenye rafu.

Hapohapo tuitaje Alka-Seltzer, kwa anayeletewa mzigo na ndugu aliye ng'ambo. Ile ya asili ina sodiamu baikaboneti ya kutuliza asidi na aspirini miligramu 325 kwenye kidonge kimoja kinachochemka. Yaani dawa ya kiungulia na dawa inayochimba tumbo ndani ya glasi moja. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo rasmi kuhusu kutokwa na damu kulikosababishwa na dawa za asidi zenye aspirini, na kati ya walioathirika walikuwemo wenye umri mkubwa, wenye historia ya vidonda na wanaotumia dawa za kuyeyusha damu. Tunaipa sifuri kwa mtu yeyote mwenye tumbo bovu.

Turudi kwenye rafu ya tumbo.

Vidonge vya magnesiamu ndivyo vya bei ya chini na vinapatikana hadi visiwani. Kidonge cha kawaida kina magnesiamu traisiliketi miligramu 250 na alumini haidroksaidi miligramu 120. Kosa linalofanyika kila siku ni kukimeza na maji kama Panadol. Kidonge hiki ni cha kutafuna hadi kiwe uji mdomoni, ndipo umeze na maji kidogo. Kikimezwa kizima kinatua kama kokoto na sehemu kubwa haigusani na asidi. Kosa la pili ni saa. Ukikitafuna tumbo likiwa tupu, tumbo linakisukuma nje haraka na nafuu inadumu nusu saa au zaidi kidogo. Ukikitafuna saa moja baada ya chakula, chakula kinakishikilia na nafuu inaweza kufika saa 3. Dawa ni ileile, bei ni ileile, tofauti ni kusubiri. Chukua kidonge 1 au 2 kwa mara moja, baada ya mlo na wakati wa kulala.

Magnesiamu inalegeza choo, alumini inafunga. Vimewekwa pamoja ili vishikane mashati. Mwenye figo dhaifu asivizoee, kwa sababu madini yote mawili hutolewa na figo na yanaweza kurundikana mwilini. Kwa kiungulia cha mara mojamoja, pamoja na parasetamoli, tunavipa alama nzuri bila kusita. Kwa kiungulia cha kila siku, hapana.

Dawa za maji, zile jeli nyeupe au za waridi kama Relcer, ni ukoo huohuo wa alumini na magnesiamu ukiwa umeshasagwa, na simethikoni imeongezwa ili kuvunja mapovu ya gesi. Zinafanya kazi haraka kuliko kidonge kilichotafunwa nusunusu. Tikisa chupa kwa nguvu kabla ya kumimina; dawa hutuama chini, na asiyetikisa hunywa maji matamu wiki ya kwanza na chokaa wiki ya pili. Pima kwa kifuniko au kijiko kilichokuja na chupa. Kijiko cha nyumbani cha kulia wali hakina kipimo kinachoeleweka. Kama tumbo limejaa na kuunguruma kuliko kuwaka, hapa fedha ya ziada inalipa. Kama linawaka tu, vidonge vya kutafuna vinatosha.

Eno ina wapenzi wengi, na kwa kasi hakuna inayoishinda: dakika chache, mbweu moja kubwa, unafuu. Pakiti ya gramu 5 ni sodiamu baikaboneti, asidi ya sitriki na sodiamu kaboneti kidogo. Chumvi ndiyo inayotusumbua. Pakiti moja inabeba sodiamu ya takriban miligramu 850, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku, chakula chote kikiwemo. Pakiti mbili zimemaliza karibu posho nzima kabla ya kugusa dagaa wa chumvi. Kwa mwenye presha, moyo uliochoka, figo au miguu inayovimba, Eno si dawa ya kuweka kabatini. Na akiongeza parasetamoli ya kuchemka kwenye maji, nayo ina sodiamu nyingi kwenye kila kidonge. Mwenye presha achukue parasetamoli ya kumeza.

Namna ya kuinywa pia ina kanuni. Subiri povu liishe kabisa ndipo unywe. Usiinywe tumbo likiwa limejaa pomoni, kwa mfano mara tu baada ya nyama choma na bia nne, kwa sababu gesi inayotoka inahitaji nafasi ambayo haipo. Maji ya magadi yanayotumiwa majumbani kwa kazi hiyohiyo tunayaweka chini zaidi: ni sodiamu isiyopimwa, na hakuna anayejua amekunywa kiasi gani.

Gaviscon inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa, na ndiyo maana bei yake iko juu. Ina alginati, utomvu unaotokana na mwani. Ukikutana na asidi unaganda kama utando na kuelea juu ya chakula, hivyo kinachopanda kooni kinakuwa ule utando, asidi inabaki chini. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni maji machungu kupanda akilala au akiinama, hii ndiyo bora kuliko zote za haraka. Inywe baada ya kula na kabla ya kulala, usifuatishe glasi kubwa ya maji. Ukiinywa kabla ya chakula hakuna cha kuelea juu yake. Mjamzito mwenye kiungulia tungemwelekeza huku kabla ya Eno, na maumivu yake ayatulize kwa parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni asiziguse, hasa kuanzia wiki ya 20, kwa sababu zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, na baadaye huathiri mshipa muhimu karibu na moyo wake.

Omeprazoli ya miligramu 20 inastahili nafasi ndefu zaidi, maana ndiyo pekee kwenye rafu hii inayokinga kweli, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Haizimui asidi, inafunga pampu zinazoitengeneza. Pampu hizo hufunguka mtu anapokula, kwa hiyo dawa inatakiwa iwe imeshafika kwenye damu wakati huo. Meza kidonge kimoja dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo wa kwanza wa siku. Kwa mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani na kulala mchana, mlo wa kwanza ni ule anaokula akiamka, hata kama ni saa 10 jioni. Mfamasia anayemwandikia "asubuhi" mtu wa namna hiyo hajamsaidia.

Omeprazoli haimezwi pale moto unapowaka ili uzime. Inachukua siku 1 hadi 4 kufikia nguvu yake yote. Anayeimeza moja leo, akaruka siku mbili, akameza nyingine, anatupa fedha. Siku hizo za mwanzo tafuna magnesiamu huku ukiisubiri. Usivunje kidonge wala kutafuna chembechembe zilizomo. Zimepakwa gamba ili zisiharibiwe na asidi zikiwa njiani, na aliyezitafuna amelivunja gamba hilo. Ukishindwa kumeza, fungua kasha la kidonge chenyewe, mwaga chembechembe kwenye kijiko cha mtindi, meza bila kutafuna. Bila ushauri wa daktari isizidi siku 14. Kama baada ya hapo tumbo linarudi palepale, kapime bakteria wa tumbo, Helicobacter pylori, kwa kipimo cha choo. Acha omeprazoli wiki 2 kabla ya kupima na antibiotiki wiki 4 kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna wakati unao.

Sasa, kama ukoo wa diklofenaki haukwepeki, mathalani baridi yabisi iliyothibitishwa na daktari, jozi tunayoikubali ni hii: kiwango kidogo kinachotosha, siku chache iwezekanavyo, na omeprazoli miligramu 20 kila siku kuanzia siku ya kwanza ya kidonge cha maumivu. Kuianza siku ya kumi, tumbo likishauma, ni kufunga zizi ng'ombe wakiwa wameshatoka. Ibuprofeni ya kujinunulia isizidi miligramu 400 kwa mara moja wala 1,200 kwa siku. Usizichanganye mbili za ukoo huu kwa wakati mmoja. Omeprazoli nayo ina mipaka: inakinga tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo, haikingi utumbo wa chini, wala haikingi figo. Anayetumia dawa ya presha kama kaptopili au lisinopili pamoja na dawa ya kukojoza maji, akiongeza diklofenaki, figo zake zinabanwa pande tatu kwa mara moja. Huyo ni wa parasetamoli.

Kwa mgongo na magoti ya wabeba magunia wa soko la Mwaloni kuna chaguo linalosahauliwa: jeli ya diklofenaki ya kupaka. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, takriban asilimia 6 ya kile kinachoingia kwa kidonge. Kwa maumivu ya sehemu moja iliyo karibu na ngozi, tungeijaribu kabla ya kidonge.

Kuna mgongano mmoja ambao hata wauzaji wengi hawautaji. Vidonge vingi vya diklofenaki miligramu 50, na aspirini ndogo ya moyo, vimepakwa gamba linalostahimili asidi ili viyeyuke vikifika kwenye utumbo. Gamba hilo linatambua mahali kwa ukali wa asidi. Ukitafuna magnesiamu au kunywa Eno wakati uleule, tumbo linapoa, gamba linadhani limeshafika utumbo, linayeyuka palepale tumboni. Umenunua kinga ukaiua kwa dawa ya kukinga. Achanisha kwa saa 2. Na usikate kidonge cha namna hiyo kwa wembe ili upate nusu.

Anayetumia aspirini ndogo kwa ajili ya moyo ajue mambo mawili zaidi. Asiiache kwa sababu ya kiungulia bila kumwona daktari. Na ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi: kama ni lazima, ameze ibuprofeni angalau nusu saa baada ya aspirini, au saa 8 kabla yake. Hesabu hiyo ni ya aspirini isiyo na gamba. Yenye gamba haina ratiba ya uhakika. Kwa vyovyote parasetamoli haina ugomvi huo.

Dawa za kupoza asidi zenye alumini, magnesiamu au kalisiamu hushikamana pia na dawa nyingine ndani ya tumbo, zikatoka nazo chooni bila kuingia kwenye damu. Doksisaiklini na siprofloksasini ndizo zinazoumia zaidi: antibiotiki inamezwa, ugonjwa unabaki, lawama inakwenda kwa dawa "feki". Doksisaiklini ipewe saa 2 hadi 3 mbali na magnesiamu. Siprofloksasini imezwe saa 2 kabla au saa 6 baada. Vidonge vya damu vya wajawazito navyo hunyonywa kidogo vikikutana nayo. Doksisaiklini ina kisa kingine: ikimezwa bila maji ya kutosha, mtu akalala, inakwama kooni na kuchoma. Mtu huyo atakuja dukani kuomba dawa ya kiungulia. Glasi nzima ya maji na kukaa wima nusu saa ndiyo tiba yake.

Kwa wanaotumia ARV zenye dolutegravir, hili lisipuuzwe hata siku moja. Dolutegravir imezwe saa 2 kabla ya magnesiamu au jeli, au saa 6 baada yake. Anayemeza ARV saa 3 usiku, mara ya mwisho kutafuna magnesiamu ni saa 9 alasiri, na anaweza kurudia tena kuanzia saa 5 usiku. Gaviscon ina kalisiamu, nayo ipewe nafasi hiyohiyo. Omeprazoli haina shida na dolutegravir, lakini inagombana na rilpivirini na atazanavir, kwa hiyo taja jina kamili la ARV zako kwa mfamasia, hata kama ni kwa kumwonyesha kopo tu.

Mwambao wa ziwa una hatari yake ambayo mtu wa bara kavu hana: kichocho cha tumbo. Vimelea huingia kupitia ngozi mtu akiwa majini, mayai yao hukwama kwenye ini, ini linakakamaa, na damu iliyokuwa ikipita humo inatafuta njia nyingine. Inavimbisha mishipa iliyo chini ya koo la chakula. Mishipa hiyo ikipasuka mtu hutapika damu kwa wingi, na kichocho ni miongoni mwa sababu kuu za wagonjwa wa namna hiyo wanaofikishwa hospitali ya Bugando. Kwa mtu wa Ukerewe, Ukara au Kome aliyewahi kuambiwa ana bandama kubwa, aliyevimba tumbo, au aliyewahi kutapika damu, kidonge cha diklofenaki au aspirini kinaweza kuwa cheche. Hakuna magnesiamu inayokinga hilo, na omeprazoli haitoshi. Parasetamoli kwa kiwango alichopangiwa na daktari, matibabu ya kichocho kwa prazikwanteli, na kipimo cha kamera ya tumboni: hapo hatuna mbadala wa kupendekeza.

Kuhusu duka lenyewe. Duka linalostahili kurudiwa hukuuliza maswali matatu kabla ya kukuuzia: umewahi kuwa na vidonda, unatumia dawa gani nyingine, una ujauzito. Linakupa dawa kwenye pakiti yake, au kama ni vidonge vya kopo, linaandika jina, nguvu, na tarehe ya mwisho juu ya bahasha. Bahasha tupu iliyoandikwa "1x3" tu, irudishe. Omeprazoli hasa isinunuliwe ya kumwagwa kutoka kopo lililokaa wazi. Unyevu wa hapa ziwani na joto la bati huiharibu. Fungua kasha moja uangalie: chembechembe nzima ni nyeupe au karibu na nyeupe. Zikiwa zimegeuka kahawia au zambarau, usinywe.

Na ukikuta ranitidini ya zamani kabatini, iache. Aprili 2020 FDA iliwataka watengenezaji waiondoe yote sokoni Marekani, kwa kuwa ndani yake hutokea NDMA, kemikali inayohofiwa kuleta saratani, na inaongezeka dawa ikikaa kwenye joto.

Zipo dalili ambazo rafu yote hii haina jibu lake. Kutapika damu, au matapishi kama machicha ya kahawa. Choo cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali. Vidonge vya damu huleta weusi pia, lakini si ule wa kunata. Chakula kukwama, kukonda bila sababu, tumbo kuuma ghafla na kuwa gumu kama ubao. Na "kiungulia" kinachobana kifua, kikienda mkono wa kushoto au taya, na jasho jembamba: huo unaweza kuwa moyo, na dakika za kujaribu Eno ni dakika zilizopotea. Nenda Sekou Toure, Bugando au hospitali iliyo karibu, ukiwa umebeba pakiti za kila ulichomeza. Aspirini uliyomeza wiki iliyopita itaje pia, kwa sababu chembe za kugandisha damu ilizozigusa hubaki zimelemaa hadi siku 10.

Kwa anayekwenda kambi ya dagaa wiki tatu, mfuko wetu ungekuwa na parasetamoli miligramu 500 pakiti 3, vidonge vya magnesiamu vya kutafuna 30, bomba moja la jeli ya diklofenaki ya kupaka, na kipimo cha haraka cha malaria kifanyike kambini au kwenye zahanati kabla homa haijafunikwa na Panadol kwa siku ya pili. Vyote viwe kwenye kopo linalofungwa kwa skrubu, mbali na injini na mbali na jua la sitaha. Diklofenaki ya vidonge ibaki dukani.